Tuache mita tano kabla ya kuuza mashamba Mwandiga

Ndugu Mhariri,

Mashamba ya Mwandiga, karibu na mji wa Kigoma, yanageuka viwanja, na si ajabu. Njia ya Manyovu, mpakani na Burundi, inaachana hapo na ile ya Kidahwe na Kasulu, na reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, itazidisha watu na mizigo. Mji wa biashara unakuja. Kinachouma ni namna tunavyoikata ardhi yake.

Mwenye shamba anapiga hatua, anachomeka mnyaa, mti wa kuonyesha mpaka, kwenye kona, wanaandikishana mbele ya mwenyekiti, pesa inalipwa. Chukua ekari ya hatua 70 kwa 70, kama mita 64 kila upande. Ikikatwa tatu kwa tatu inatoa viwanja 9 vya mita 21 kwa 21. Cha katikati hakina pa kutokea. Mwenyewe atapita upenuni kwa jirani mpaka siku watakapokosana. Gari la kunyonya choo halimfikii, zimamoto haimfikii, na bomba la maji linakosa pa kupita.

Ekari hiyohiyo, ukiacha mita 5 za njia ukingo wa juu na mita 5 ukingo wa chini, unabakiwa na mita 54. Zigawe safu mbili zinazopeana mgongo: viwanja 8 vya mita 16 kwa 27, vyote vinatazama njia. Umepoteza kimoja tu, tena kile cha kufungiwa ndani. Jirani akiacha mita 5 zake, barabara ya mita 10 imepatikana: mita 6 za magari, mita 1 ya mtaro kila upande, na mita 1 kila upande ya nguzo na mabomba.

Tabu ni pale mmoja anapoacha na wa pili asiache. Barabara inaishia kwenye ukuta wa jiko la mtu. Kwa hiyo wenye mashamba yanayopakana wakae kikao kwanza, afisa mipango miji achore, mchoro uidhinishwe, mpima asimike bikoni, yaani mawe ya mipaka. Kuuza kufuate baadaye. Nyumba zikishasimama kinachobaki ni urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha jengwa bila mpango, nao mara nyingi hupima vichochoro vilivyopo vikabaki hivyohivyo.

Njia za mitaa zifuate ubavu wa kilima. Njia ikishushwa moja kwa moja, mvua inaifanya mfereji, na kwenye udongo wa kichanga korongo halichelewi. Mabondeni tuiache michikichi: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na choo cha shimo huko kinachafua maji ya walio chini.

Wanaokimbilia fremu za maduka kando ya lami wapime kwanza mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu. Hiyo ni hifadhi ya barabara kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na anayejenga humo leo anajijengea alama ya X ya kubomolewa.

Ombi letu kwa halmashauri ni eneo la malori. Semitrela ya mita 17 haigeuki kwenye barabara ya mita 10, na isipotengewa mahali italala pembeni mwa lami. Eneo hilo litafutwe sasa, fidia ikiwa bado ni ya mihogo na michikichi, kabla haijawa ya nyumba.

Wasomaji wenu,
Kigoma