Kupiga makofi nyuma ya mtoto si kipimo cha masikio

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo manake hili jambo limenikaa moyoni miaka mingi. Huku kwetu Likoni mtoto akishukiwa hasikii kipimo ni kile kile, mtu asimama nyuma yake apige makofi ama agonge sufuria na mwiko, akigeuka basi wote twashusha pumzi, anasikia huyo. Mwanangu aligeuka kila mara. Kumbe aliona kivuli, ama aliona macho yangu yakitazama nyuma yake, na sufuria ikigongwa karibu na mkeka mtikisiko aliupata mwilini. Sauti za aa aa pia alikua akizitoa, nikajua yuko sawa, sikujua kwamba hata mtoto kiziwi huanza hivyo hivyo. Akafika miaka 3 hasemi, wazee wakaniambia nitulie, babake pia alichelewa.

Kinachoniuma ni kwamba alipozaliwa alipata manjano, macho na ngozi, ikawa kali tukakaa wodini siku kadhaa chini ya ile taa, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ikizidi yaweza kuharibu mshipa wa kusikia.

Na vipimo vipo jamani. Kuna OAE, kijibomba laini chaingizwa kwenye tundu la sikio chatoa milio midogo midogo, sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi na kimaikrofoni kilichomo humo kinaunasa, jambo aliloligundua David Kemp kule London mwaka 1978. Mtoto hatakiwi kujibu chochote, tena bora awe amelala. Alafu kuna ABR, vibandiko vya waya kichwani vinavyosoma kama ule mlio umefika kwenye ubongo. Wazazi wenzangu hapa tuelewe vizuri, mtoto aliyepata manjano kali ama aliyelazwa mahututi OAE peke yake haimtoshi, juu sikio laweza kurudisha mwangwi safi kabisa na mshipa usipeleke kitu. Na akifeli mara ya kwanza usipagawe, siku ile ya kuzaliwa maji huwa bado yamo sikioni, lakini arudiwe, asiachwe hivyo.

Ombi langu ni kwa kaunti. Wataalamu wanasema apimwe kabla ya mwezi 1, ijulikane hakika kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Sisi wengi twatoka hospitali kesho yake, mwengine kazalia nyumbani, nani atapanda feri na kichanga kwa ajili ya sikio tu? Lakini chanjo ya wiki 6 tunaenda, ya wiki 10 na ya wiki 14 pia, na kile kijitabu cha kliniki mkononi. Kwa hivyo aliyekosa wodini anaswe pale pale kwenye foleni ya sindano, mashine zenyewe ziko ndogo za kushika mkononi, na majibu yaandikwe kijitabuni kama vile kilo zinavyoandikwa.

Wangu sai ana miaka 9, twaongea kwa lugha ya ishara, mjanja huyo na mcheshi ajabu. Ile miaka 3 nilikua nikimuimbia kila usiku mpaka alale. Ningejua, mikono yangu ingekua ishaanza kusema naye.

Mama mzazi,
Likoni, Mombasa