Mti uliokufa haufutwi daftarini

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mliandika habari ya vijana waliomaliza miezi minne katika nyumba moja ya upataji nafuu, wanakokaa watu wanaoacha pombe na dawa za kulevya, huku kwetu kusini. Picha ilipendeza: fulana nyeupe, vyeti mkononi, mgeni rasmi katikati. Chini ya picha mkaandika kwamba wamepona. Nilipofika kwenye neno hilo nilivua miwani, nikaifuta kwa kikoi, nikasoma tena. Sina ugomvi na vijana wale, wala na waliowalea. Ugomvi wangu ni na hilo neno, na tarehe lilipoandikwa.

Mimi si daktari. Kwa miaka 27 nilikuwa msaidizi wa utafiti katika mashamba ya majaribio ya mikorosho pale Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo huku Mtwara. Kazi yangu ukiieleza kijiweni watu wanacheka: nilipaka namba kwenye mashina, nikaokota korosho za kila mti peke yake, nikazipima, nikaandika. Mstari wa tatu, mti wa kumi na nne, gramu kadhaa. Kesho kutwa tena mti uleule. Msimu ukiisha tunasubiri mwingine. Mkorosho unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu hivi, na hakuna mbegu iliyopelekwa kwa mkulima kwa sababu ilizaa vizuri msimu mmoja.

Wakubwa zangu walikuwa wapole kwa mambo mengi ila moja. Mti uliokufa haufutwi daftarini. Unaandikwa sifuri, na pembeni unaeleza: mchwa, moto, mnyauko, ng'ombe wa jirani. Kijana mmoja mgeni aliwahi kuwaletea hesabu yenye wastani wa kupendeza kweli. Kumbe alikuwa ameiacha nje miti yote iliyokufa, akagawanya kwa ile iliyobaki hai. Alirudishwa shambani na daftari lake, saa nane mchana, jua la Oktoba, akahesabu visiki. Sijamsahau.

Sasa mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, na kwa mila zetu wa upande huu, mtoto wa dada akiharibika wa kwanza kuulizwa ni mjomba. Alianza kunywa mwaka wa vurugu za gesi, 2013, akiwa na miaka 19. Alianza na viroba, kile cha mfukoni cha kufyonza kama juisi ya barafu. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017, wengine waliacha. Yeye alihamia kwenye nipa.

Kwa wasomaji wa bara nieleze kidogo. Korosho ikiiva inaning'inia chini ya bibo, tunda lenye maji mengi. Mabibo yakikamuliwa na kuachwa yachachuke unapata uraka, ambao mzee kama mimi anaweza kunywa kikombe akaenda zake kulala. Uraka ukipikwa na mvuke wake ukapitishwa kwenye bomba la kupozea, inatoka nipa. Hiyo haina masihara. Na mabibo yanaanguka Septemba hadi Desemba, karibu miezi ileile ambayo minada ya korosho inafanyika na fedha za wakulima zinaingia benki. Pombe inakuwa nyingi mara moja na fedha mara moja. Ukifika Februari mifuko imekauka, na hata mlevi sugu anaonekana mtu wa ibada.

Mpwa wangu aliingizwa nyumba ya upataji nafuu Januari 2019. Kimbunga Kenneth kilipotutisha mwezi wa Aprili alikuwa humo ndani. Alitoka Mei, na cheti. Alikuja nacho hapa Mikindani, kimewekewa plastiki. "Njomba, si nimehitimu?" Nikamwambia umehitimu. Nilifurahi, sikatai, nikachinja jogoo. Juni hakunywa, Julai hakunywa, Agosti tukamtafutia kibarua cha kupulizia salfa mikorosho. Novemba alikutwa amelala kwenye mtaro karibu na stendi, bila shati.

Nyumba ile ilikwisha kumwandika kuwa amepona, na haikumfuta. Haikujua. Namba ya simu waliyokuwa nayo ilifungiwa Januari 2020, pale laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Nilipokwenda mwenyewe kuwapa taarifa, yule dada wa ofisini aliniuliza kwa upole kama nina stakabadhi ya malipo.

Ndipo nilipoanza daftari langu. Kila Jumamosi ninaandika mstari mmoja juu yake: amekunywa, hajanywa, au sijui. Hiyo "sijui" ndiyo iliyonifundisha zaidi. Alipokuwa dago, kambini na wavuvi upande wa Kilwa, nilikuwa na majuma sita ya "sijui". Moyo ulinituma niandike "hajanywa", kwa kuwa nampenda. Mtu asiye na mapenzi naye angeandika "amekunywa". Wote wawili tungekuwa tunabuni.

Binti yangu anasomea uuguzi Dar es Salaam. Nilipomwonyesha daftari hakucheka. Alinieleza juu ya mtafiti Yih-Ing Hser na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliowafuatilia wanaume 581 wa heroini walioingizwa kwenye mpango wa matibabu wa jimbo la California kati ya 1962 na 1964. Waliwafuatilia kwa miaka 33. Matokeo yakatolewa 2001: watu 284 walikuwa wamekwisha kufa, na watafiti hawakuridhika na maneno ya majirani, walitafuta vyeti vya vifo. Watu 242 walipatikana na kuhojiwa mwaka 1996 na 1997. Toa hesabu, utaona waliokosekana ni wachache kiasi gani baada ya miaka yote hiyo. Binti alikuwa ananisomea kwenye simu, mimi nikasema: hawa ni watu wa Naliendele. Hawakufuta visiki.

Fikiria wangeuliza wale 242 tu. Wangepata picha ya wazee waliobaki hai tu, wenye wajukuu. Karibu nusu ya hadithi ingekuwa imezikwa.

Kuna kingine alichonisomea ambacho kilinisumbua usiku. Mwaka 1971 Marekani iliingiwa hofu kwamba askari wake wanarudi kutoka Vietnam wakiwa waraibu wa heroini. Mtafiti mmoja mwanamke, Lee Robins, aliwatafuta waliorudi Septemba mwaka ule. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu kule. Lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani, waliorudia uraibu walikuwa kama asilimia 5 tu ya hao, na wengi wao hawakutibiwa chochote walipofika kwao. Kilichobadilika kikubwa ni mahali. Sasa jiulize: angekuwapo mtu uwanja wa ndege akimpa kila askari kikombe cha mchaichai, leo si tungekuwa tunauza mchaichai kama dawa ya kuacha heroini?

Ndiyo maana shambani hatukupulizia salfa mistari yote. Mwingine uliachwa hivihivi, ndipo ukajua ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umezuiwa na salfa au na mwaka wenyewe tu. Sisemi vijana waachwe wafe ili tupate cha kulinganisha. Nitapigwa mawe, na itakuwa haki. Lakini wanaotoka pamoja mwezi Mei wanaweza kugawanywa kwa bahati nasibu mbele ya wote, nusu yao watembelewe nyumbani kila mwezi mpaka msimu upite, nusu waendelee na utaratibu wa siku zote, ambao kwa sasa ni kwaheri na Mungu akutangulie. Ikiwa kutembelea kunasaidia, Desemba itasema. Ikiwa hakusaidii, tuokoe nauli.

Na kuuliza nako kuna ufundi wake. Kuna maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji, mazuri tu, lakini yanahesabu kwa kinywaji, na kinywaji kimoja kule kwao kina kipimo chake cha gramu 10 za kileo. Mpwa wangu alipoulizwa anakunywa vingapi kwa siku alijibu "viwili", akaandikwa mnywaji wa kawaida. Viwili vyake vilikuwa chupa mbili za maji za nusu lita, zimejaa nipa mpaka shingoni. Muulizaji hakuuliza chombo. Ningekuwa mimi ningebeba chupa, glasi na kopo kwenye mfuko, nikaviweka mkekani, nikasema nionyeshe.

Tarehe nazo usimuulize mnywaji. Binti anasema watafiti wanatumia kalenda, wanamrudisha mtu nyuma siku kwa siku wakishikilia matukio. Huku kwetu matukio tunayo tele: mwaka wa korosho za jeshi, 2018, tulipoambiwa Sh 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba, kimbunga, mwezi wa Ramadhani, kusi lilipoingia na ngalawa zikalala. Nilipokaa na mpwa wangu kwa namna hiyo alikumbuka hata siku ambazo mimi nilikuwa nimeandika "sijui". Tatu kati ya zile Jumamosi sita za dago alikuwa amekunywa. Alinitajia mwenyewe, kichwa kimeinama, nikazisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Aliniambia kwa sababu mimi si polisi. Nipa ni gongo, na gongo ni kosa kisheria, kwa hiyo ukija kijijini na kalamu, karatasi na gari lenye nembo, kila mtu anakunywa soda. Majina yakae daftari moja, majibu daftari jingine, namba tu ndiyo iunganishe, na hilo la majina lifungiwe. Utafiti wowote wa namna hii lazima upite kwanza kwenye kamati ya maadili, na vizuri hivyo. Lakini kibali hakimfanyi mama mpika nipa akuamini. Atakuamini ukija mara ya nne bila askari nyuma yako.

Kwa wanaotumia unga, yaani heroini, mambo yana nafuu kidogo upande huu wa kumbukumbu. Tangu Muhimbili ianze kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza hamu ya heroini, Februari 2011, kwa kawaida mgonjwa anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kila siku. Asipokuja, siku hiyohiyo pengo linaonekana kwenye rejesta. Matibabu yenyewe ndiyo daftari. Mtu wa nipa hana cha namna hiyo, akitoka getini amepotea mpaka atakapookotwa, na huku kusini nipa ndiyo inayotumaliza. Hospitali kubwa ya kanda imejengwa hapa Mitengo, siyo mbali na kwangu. Rejesta moja tu ya watu waliotibiwa ulevi, inayofunguliwa Mei na kutazamwa Desemba, miaka mitano mfululizo, haihitaji mashine yoyote.

Kwenu wahariri, ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu akialikwa tena kwenye mahafali kama yale, aulize walioingia walikuwa wangapi, siyo waliohitimu tu. Wale waliotoroka usiku wa tatu kwa arosto, mateso ya kukosa kilevi, nao walikuwa miti ya shamba lile. Aulize pia mahafali ya mwaka jana: wako wapi, nani aliwaona kwa macho, na aliwaona mwezi gani. Akijibiwa "tunawasiliana nao", aombe kuiona hiyo simu ikipigwa. Kisha arudi Desemba. Picha ya Desemba haitakuwa na fulana nyeupe, lakini nitainunua.

Mpwa wangu aliingia tena nyumba nyingine 2022, akatoka Mei kama kawaida yao. Safari hii hakuna cheti nilichotundika. Msimu wa 2022 alikunywa majuma mawili akaacha. Msimu wa 2023 na wa 2024 nimeandika "hajanywa" kwa kalamu ya bluu, isipokuwa Jumamosi mbili za "sijui" ambazo nimeziacha hivyo. Sijaandika "amepona" mahali popote. Aliniuliza juzi kwa nini, mabibo ya kwanza yameanza kuanguka nyuma ya nyumba na harufu imejaa uani. Nikamwambia leo Jumanne, sisi tunaandika Jumamosi. Akacheka, akachukua toroli, akaenda kuyafukia.

Nina madaftari mawili ya kurasa 200 ambayo hayajaguswa, na baiskeli nzima isiyo na breki ya nyuma. Kituo chochote cha Mtwara kinachotaka mtu wa kuwatafuta vijana wao kuanzia Mikindani hadi Naliendele, nipo asubuhi zote isipokuwa Ijumaa. Malipo tutazungumza, maji ya kunywa nitabeba mwenyewe.

Msaidizi wa utafiti mstaafu,
Mikindani, Mtwara