Taarifa ya ukaguzi wa ushirika ibandikwe ukutani

Mhariri,

Wanaosema ushirika tuliletewa na serikali wamesahau historia. Wakulima wa kahawa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mkoa huo, ikafuata 1933. Serikali ndiyo iliyovunja vyama vikuu mwaka 1976, kisha ikavirudisha kwa sheria ya 1982.

Sheria ya 2013 ikatupa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, isajili na kusimamia. Sawa. Ila kwenye AMCOS yetu, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika wa mazao, makato mengine kwenye stakabadhi za malipo yameandikwa "mengineyo" tu, na taarifa ya ukaguzi husomwa mbiombio watu wakishanusa pilau. Ibandikwe ukutani wiki mbili kabla ya mkutano, tuje na maswali.

Mwanachama,
Moshi Vijijini