Kutoka vibao vya duka hadi kibao cha mbuzi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu.

Kwa miaka thelathini na ushei nilikuwa mchora vibao hapa Tanga: maduka, vinyozi, mabasi. Tina ya kuyeyushia rangi ilipoanza kunibana kifua, nikahamia rangi za maji. Mwezi uliopita nilipeleka picha tatu kwenye duka moja la sanaa: kibao cha mbuzi, koroboi na sufuria yenye masizi. Kijana wa pale akazigeuza geuza, akasema, "Mzee wangu, mkono unao, lakini hivi vya jikoni nani atanunua? Tuletee tembo, au Mmasai na mkuki wake."

Sina ugomvi na tembo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 aliwachora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na watu wakanunua. Ila ni zaidi ya miaka hamsini sasa, na tembo ni yuleyule, masikio yaleyale.

Ile sufuria nimeichora mara saba. Sisi wa rangi za mafuta tumezoea kutia nyeupe mwishoni, kitu king'ae. Huku nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukishaipitisha brashi, imekwenda. Na masizi, Mhariri, si meusi! Ukipaka nyeusi tupu sufuria inakufa. Nachanganya buluu na kahawia, naidondosha karatasi ikiwa bado mbichi, inatambaa yenyewe. Msimu huu wa masika ndiyo taabu: feni inapuliza nusu saa, karatasi bado ina unyevu.

Kile kibao cha mbuzi kilikuwa cha marehemu mke wangu. Pa kukalia pamebonyea kulia, maana alikuwa akikaa upande upande, na meno ya chuma yamelika. Mjukuu wangu, ambaye tui analijua la boksi, aliniuliza kama ni kiti cha mtoto.

Ombi langu ni hili: kwenye ukurasa wenu wa watoto, wiki moja tu, waambieni wachore kitu kilichoko jikoni kwao, hata kama ni mwiko uliovunjika mpini.

Kule dukani sijarudi. Sasa nina birika mezani, na mfuniko wake unanishinda.

Mchora vibao mstaafu,
Ngamiani, Tanga