Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mazoezi ya Mbwa wa Kuwindia Ndege, Iowa, Marekani, 2025

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wanakamati, wazee wetu, kina mama, vijana, ndugu wanachama mliofika, na ninyi mtakaoisomea taarifa hii nyumbani kwa sababu hamkufika,

Kwa heshima na taadhima nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha kufundisha mbwa wa kuwindia ndege. Ya kawaida nayapitia haraka, mnayajua. Tulifanya mazoezi Jumamosi 22, nyingi katika shamba la kukodi, kwa kuwa katika maeneo ya uwindaji ya jimbo hairuhusiwi kufundisha mbwa kuanzia 15 Machi hadi 15 Julai, ndege wakiwa katika kutaga na kuatamia. Mbwa 19 waliandikishwa: wengi wa aina ya German Shorthaired Pointer, wanne Brittany, setter wawili, zote aina za mbwa wa kuwindia ndege, na mmoja ambaye mwenyewe anasema ni pointer na kamati haikutaka ubishi. Chanjo zilikaguliwa. Somo la usalama lilifanyika. Waliozaliwa baada ya 1 Januari 1972 wakumbuke kwamba cheti cha mafunzo ya uwindaji hutangulia leseni, na vazi la rangi ya chungwa inayong'aa ni sheria, si pambo. Msimu wa fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, ulifunguliwa 25 Oktoba ukafungwa 10 Januari, majogoo watatu kwa siku, mitetea hairuhusiwi. Hayo yamekwisha.

Jambo la maneno ya amri nalo tulilimaliza, ingawa wapo wanaolifufua kila kikao. Tulikubaliana kutumia Kiswahili, lakini Kiswahili chenye mpangilio. "Shika" limefutwa. Sote tumekulia mahali ambapo "shika!" kwa mbwa maana yake mrukie mtu, na mgeni anayepita akisikia neno hilo atapanda uzio. Badala yake ni "beba". "Achia" pia limefutwa, kwa sababu sikioni mwa mbwa halitofautiani na "acha", na mbwa aliyebeba ndege vizuri akidhani anakemewa atamtema mita 20 kabla ya kukufikia. Sasa ni "toa". "Simama" imebaki, na isemwe mara moja tu. Anayesema "simama, simama, simama" anamfundisha mbwa kwamba amri huanza kufanya kazi mara ya tatu.

Sasa nije kwenye lile linalozungumzwa pembeni: banda la njiwa.

Imesemwa kwamba Mwenyekiti alitumia fedha za chama kujenga banda kwake. Banda liko kwangu, ndiyo. Nani mwingine alijitolea uwanja? Imesemwa pia kwamba uamuzi haukupitishwa na wanachama. Kikao cha kwanza kiliitishwa Februari, wakaja watu 9 na akidi ni 21. Kikao cha pili kikaitishwa Machi, wakaja 11, wawili kati yao wakiwa wamekosea siku ya kikao kingine. Katiba inaipa kamati tendaji mamlaka ya kuamua pale akidi inapokosekana mara mbili. Kamati ikaamua. Aliyetaka kupiga kura ya hapana alikuwa na nafasi mbili za kuipiga.

Naomba nieleze sababu, kwa kuwa naona wengine bado wanadhani ni mapenzi yangu ya njiwa.

Mwaka uliotangulia tulinunua kware 180 wa kufugwa, dola 7 kila mmoja, jumla dola 1,260, na mwisho wa msimu hatukubaki na unyoya. Fedha si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba kware wa bandani haruki vizuri. Akilowa umande wa asubuhi, haruki kabisa, anatembea. Mbwa mchanga anamnusa, anaganda, yaani anasimama tuli akimwelekea ndege, kama inavyotakiwa, kisha anaona kitu kinajikokota mbele yake, anasogea, anamdaka. Akimdaka mara mbili somo limeingia: kuganda ni kupoteza muda, mbio ndiyo inayolipa. Mwaka ule mbwa sita walifikia hali hiyo, na wenye mbwa wakalaumu damu ya mbwa, na mmoja akamlaumu Mwenyekiti. Hata ungekuwa na mbwa wa ukoo gani, ukimlipa kwa kukimbilia ndege, atakimbilia ndege.

Njiwa wa kurudi nyumbani, akiwekwa kwenye kirushio chenye rimoti, yaani kisanduku cha chuma chenye springi inayomrusha juu, hadakiki. Hapo ndipo penye siri yote. Kirushio kinafichwa kwenye nyasi zinazofika gotini. Anayekiweka aingie kutoka upande ambao mbwa hatapita, la sivyo mbwa ananusa nyayo za viatu na kuzifuata hadi kwenye chuma. Na mara mojamoja wekeni kirushio kitupu, ili harufu ya chuma isiwe ndiyo habari. Mbwa aletwe akikata upepo, mita 30 au 40 chini ya upepo, akiwa na kamba ya mita 9 iliyofungwa kwenye kola. Akipata harufu kichwa kitageuka ghafla kama aliyeitwa. Hapo mwenye mbwa anyamaze. Mbwa akiganda, mfuate taratibu, mkono juu ya mkono kwenye kamba, bila neno. Akinyanyua hata mguu mmoja, rimoti ibonyezwe papo hapo: njiwa anaruka, anakwenda zake, na mbwa anabaki anatazama mawingu. Hakemewi, havutwi. Ndege mwenyewe ndiye mwalimu, anamwambia ukisogea naondoka. Mbwa wengi hulielewa jambo hili baada ya njiwa kumi hadi kumi na tano, si zaidi ya watatu au wanne kwa siku moja, na mchezo ukatishwe mbwa akiwa bado ana hamu.

Yanayoharibika nayo yapo, sikatai. Ukirusha njiwa mbwa akiwa mita 3 kutoka kwenye springi, kishindo kile kinamtia hofu, na kesho yake atanusa ndege, atageuza uso na kupita pembeni kama mdaiwa aliyemwona mdai. Mbwa wa namna hiyo huchukua miezi kurudi. Siku za mwanzo isiwe chini ya mita 10. Tulipata mbwa mmoja wa hivyo mwezi Mei kwa sababu rimoti ilishikwa na mtoto. Rimoti si ya watoto.

Kuhusu njiwa wenyewe: tulinunua 24. Sita kati yao walikuwa wakubwa, na siku ya kwanza ya kufunguliwa walirudi kwa aliyetuuzia, maana njiwa hurudi alikozoea kurukia, haangalii risiti. Kosa hilo ni la kamati nzima. Wanunuliwe makinda wa wiki nne au tano ambao hawajaruka popote, wakae bandani wiki tatu au nne wakiona mandhari kupitia kizimba cha waya, kisha wafunguliwe na njaa, jioni, kabla ya kulishwa, waingie kwa mlango wa kuingilia tu, usiowaruhusu kutoka. Wanne wengine walichukuliwa na mwewe. Kuna aliyeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba "mwewe wamekula ada zetu". Namjibu hapa mbele ya wote kwamba njiwa 14 waliobaki wamerushwa mamia ya mara na bado wanakula mahindi bandani leo. Ni kware yupi alirudi?

Lawama ya pili ni kwamba nilikataza mbwa kuokota ndege aliyeangushwa na kumleta mpaka wawe imara kwenye kuganda. Nilikataza, na ningekataza tena. Mbwa anayeruhusiwa kuokota kila ndege aliyemgandia huanza kuondoka mlio wa bunduki ukisikika, baadaye huondoka ndege akiruka, mwisho huondoka kabla hata ndege hajaruka. Kuleta kufundishwe peke yake, uani, kwa kijiti cha mbao na baadaye dami ya turubai, yaani kitu cha kubebwa badala ya ndege, katika ujia mwembamba kati ya nyumba na uzio ili mbwa asiwe na njia nyingine ila kurudi kwako. Kwa mbwa mtoto wa miezi minne hadi sita anayebadili meno, acheni kabisa. Mdomo unauma, na atahusisha maumivu na kubeba. Msivutane naye. Kumnyang'anya mbwa ndege ndiko kunakomfundisha kubana ndege kwa meno, na mbwa anayebana atakuletea fezanti aliyevunjika mbavu. Kwa aliyekwisha kuanza kubana, tumieni njiwa aliyegandishwa kwenye friza. Barafu haina raha kutafunwa. Kuganda na kuleta viunganishwe wiki mbili au tatu za mwisho kabla ya msimu. Nakubali kwamba kuleta ni muhimu: jogoo wa fezanti aliyejeruhiwa hukimbia kwa miguu, na bila mbwa wa kumfuata anaoza kwenye majani. Ndiyo maana sikufuta somo hilo, niliahirisha tu.

Mlio wa bunduki: bastola ya baruti tupu ilikaa kwangu, kwa makusudi. Mlio wa kwanza ni mita 100, mbwa akiwa katikati ya kumfukuza njiwa anayeruka, akili yake yote ikiwa kwenye mabawa. Asipoangalia nyuma, wiki inayofuata ni mita 80, na kuendelea hivyo. Bunduki ya marisau baadaye, geji 20, iliyo ndogo, kabla ya geji 12, iliyo kubwa. Wale waliowapeleka mbwa wao kuangalia fataki za Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, "wazoee" wanajijua. Mmoja wa mbwa hao bado analala chini ya gari.

Joto la Julai na Agosti lilitufutia asubuhi tano. Mbwa wa kawaida ana nyuzi 38 na nusu. Akifika 40 na nusu yuko hatarini, na wa kwanza kuanguka huwa yule mwenye bidii. Maji yamwagwe tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, si mgongoni peke yake.

Fedha. Wanachama 41, ada dola 120. Waliolipa kamili 17, nusu 9, waliobaki 15 hawajalipa hata senti, na watatu kati yao mbwa wao wamerushiwa njiwa kuliko wa mtu yeyote. Tulianza na dola 415, tukakusanya 2,580, jumla 2,995. Banda, njiwa na virushio viwili dola 1,612; chakula, shamba na mengineyo 898. Salio dola 485. Risiti anazo Mweka Hazina. Deni la ada ni dola 2,340, na ndizo zingelipia nyama choma ambayo mnaniuliza imeenda wapi.

Mahudhurio: wastani wa watu 8 kwa Jumamosi. Wiki mbili kabla ya ufunguzi walikuja 31, kila mmoja akitaka mbwa wake atengenezwe kwa siku mbili.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata bwawa la mazoezi ya majini, pengine siku ya vijana, na tukijaliwa mfadhili, virushio vingine. Tarehe zitatangazwa.

Njiwa wanahitaji kulishwa Jumatano na Ijumaa, siku ambazo niko kazini hadi usiku. Karatasi ya zamu iko mlangoni, hadi naandika ina majina mawili, langu na la mke wangu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti