Viroba vya mchanga kwenye utoro wa bwawa viondolewe kabla ya Novemba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na majirani zangu wa huku Kilolo, na viongozi wa kijiji chetu pia.

Bwawa letu ni tuta la udongo ulioshindiliwa, limekinga korongo linaloshuka kutoka milimani. Halikujengwa kwa ajili ya samaki wala umwagiliaji. Lilijengwa ili mvua kubwa ikipiga, maji yashikwe pale kwanza, kisha yateremke kidogo kidogo kwa bomba la chini, yasivamie nyumba zetu bondeni. Kwa kazi hiyo, mvua za Novemba zinatakiwa zilikute karibu tupu.

Kiangazi hiki bomba limezibwa. Kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi bwawa likijaa, vimepangwa viroba vya mchanga, tabaka tatu, ili yapatikane maji mengi ya kumwagilia nyanya. Shida hiyo naijua. Mimi mwenyewe nalima vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, chini ya tuta, na Septemba kila ndoo ina thamani. Lakini utoro ndiyo njia pekee ya maji yaliyozidi. Likijaa, yatapita juu ya tuta, na udongo hauvumilii hilo: maji huanza na kamfereji kembamba, kanachimbika, kanapanuka, mara tuta limekatika na bwawa zima linashuka kwa mkupuo. Hapo ni heri tusingekuwa nalo kabisa.

Machi iliyopita, utoro ukiwa wazi, maji yalibakiza shubiri moja kufika juu. Wajukuu niliwapeleka kulala kanisani. Sisi wakubwa tulikesha tunamulika tochi kwenye kijiti tulichochomeka kupimia. Je, mwaka huu na viroba vile?

Jambo jingine ni mikaratusi iliyopandwa juu ya tuta. Mizizi ikioza huacha matundu, maji yakapenya humo. Pale paoteshwe ukoka, na ng'ombe wasipitishwe.

Naomba Oktoba isiishe kabla viroba havijaondolewa na bomba kuzibuliwa. Serikali ya kijiji iwaandikie watu wa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ofisi yao iko Iringa mjini, waje walikague tuta. Wenye nyanya tukae nao tuchimbe visima vifupi bondeni, maji hayako mbali. Siku ya kutoa viroba nitakuja na jembe, na togwa ya wote watakaofika.

Bibi mkulima wa vinyungu,
Kilolo, Iringa