Barua kwa mwanangu anayefundisha watoto kuchora

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako niliipokea kwenye simu, marahaba. Yale mengine uliyoniuliza sikutaka kuyajibu huku matatu zikipiga honi nyuma yako, ndiyo maana nimeketi kuandika. Huku hatujambo. Mvua imechelewa kidogo, lakini migomba haijalalamika.

Umesema wenzako kazini wanakucheka. Kila Jumamosi uko kwenye ukumbi wa kanisa hapo Kahawa West, Nairobi, na watoto wa watu, penseli na karatasi unanunua mwenyewe, na hakuna mzazi aliyewahi kugonga mlango kusema asante. Unataka nikuambie kama uache. Baba yako anasema uache, ulale. Mimi nataka kwanza nikusimulie habari za mtu wa huku kwetu, halafu utaamua mwenyewe, maana ndevu unazo.

Mchoraji Elimo Njau alizaliwa hapa Marangu mwaka 1932. Alisoma Makerere, kwenye shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell. Sam Ntiro wa Machame alikuwa amemtangulia huko, yule aliyekuja kuwa balozi wetu wa kwanza London. Wachaga wawili, wote wachoraji! Wakati ule mzee wa huku akiuza kahawa yake apate karo, alitegemea mtoto arudi daktari au mwalimu. Aliyerudi na brashi alikuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Kazi iliyomtangaza iko Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall enzi za Waingereza. Kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Kuta zake wakampa kijana wa Kichaga ambaye hajafika hata miaka 30. Alipomaliza, mwaka 1959, kulikuwa na michoro mitano mikubwa: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, Gethsemane, na msalaba. Yesu wake ni Mwafrika, anazaliwa na kufa kwenye vilima vya Wakikuyu wenyewe. Fikiria watu walioingia mle na majonzi yao ya jana tu, kila nyumba ikiwa na marehemu wake au mfungwa wake, wakamwona Bwana amefanana nao. Mpaka leo sebule ya shangazi yako ina Yesu mwenye nywele za rangi ya mahindi, na mwaka ni huu tulio nao. Ukipata siku ya mapumziko, panda gari uende Murang'a. Si mbali na hapo ulipo.

Angeweza kuishia hapo, akae nyumbani achore na kuuza. Jina alikuwa nalo. Badala yake akaanza kufungulia wengine milango. Huku Marangu alianzisha nyumba ya maonyesho akaiita Kibo. Nairobi akashika upande wa uchoraji kwenye kituo cha utamaduni cha Chemchemi, kilichoongozwa na Ezekiel Mphahlele, yule mwandishi wa Afrika Kusini. Halafu mwaka 1965, yeye na wenzake wakafungua kituo cha sanaa cha Paa ya Paa katikati ya mji. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka miwili hivi, lakini nyumba za sanaa za Nairobi bado zilikuwa mikononi mwa wageni, na Mwafrika aliyechora alisubiri wageni hao waamue kama kazi yake inafaa kutundikwa. Paa ya Paa walitundika wenyewe. Palikuwa na picha na vinyago, palikuwa na mashairi, palikuwa na mchezo wa kuigiza. Baadaye kituo kilihamia Ridgeways, nje ya Barabara ya Kiambu, ambako si mbali na kwako, nawe hujawahi kunitajia kwamba umefika.

Mwaka 1997 kikaungua. Moto ulichukua jengo, picha na vitabu vilivyokusanywa kwa zaidi ya miaka 30. Mzee alikuwa na miaka 65, umri ambao mtu akisema inatosha, hakuna wa kumnyooshea kidole. Walibaki palepale, wakaendelea kupokea wasanii na watoto. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifikiri ni ukaidi wa Kichaga tu. Siku hizi nadhani alikuwa ameshaelewa kwamba picha zinaweza kuungua zote na kazi ikabakia, ilimradi kuna mtu anayekuja asubuhi na kufungua geti.

Hapa naomba nimtaje mkewe, Phillda, Mmarekani mweusi aliyeacha kwao akakiendesha kituo hicho pamoja na mumewe kwa miongo mingi. Magazeti yanamwandikia mzee ukurasa, mama wanampa nusu sentensi. Mimi niliyekaa mweka hazina wa umoja wa wanawake usharikani najua nusu sentensi hiyo ina nini ndani: barua za kuomba msaada, wageni wa ghafla, bili ya umeme, na fundi aliyechukua malipo ya awali akapotea. Ukioa, mwanangu, mweleze mwenzako mapema kwamba una Jumamosi zako, umsikilize atakalosema.

Na wapo wasiojua kuchora wala kuimba kabisa. Unamkumbuka yule bibi aliyekaa jirani na kanisa, aliyekuwa anatunza tarumbeta? Hakuwahi kupuliza hata moja. Lakini zilikaa nyumbani kwake, alizisugua, alijua ipi ina kitufe kinachokwama na kijana gani amekopa ipi, na Pasaka ikifika zinapigwa zote. Alipozeeka zikagawanywa majumbani. Nenda kaulize leo ziko ngapi.

Sasa jibu lako. Usiache, ila hivyo unavyofanya sasa hutafika mbali. Kila Jumamosi ni nyingi kwa mtu mwenye kazi ya kuajiriwa. Fanya mbili kwa mwezi, na uzitangaze, ili watoto wazijue na wewe usizivunje. Mtafute mtu wa pili atakayekuwa na ufunguo. Ukiugua malaria wiki mbili na darasa likafa, basi lilikuwa lako, halikuwa la watoto. Penseli acha kununua peke yako. Wazazi hawaji kushukuru kwa sababu hujawaomba kitu. Mtu akishatoa hata rimu moja ya karatasi, ataanza kuuliza mtoto wake amechora nini.

Jingine. Zile picha ulizonitumia kwenye simu nimezitazama zote. Nusu ni wale mashujaa wa katuni wenye vinyago usoni. Njau alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi, na japo mchungaji wetu angetaka kulijadili neno hilo, mimi nalikubali. Yule mtoto wa kike aliyemchora kondakta ananing'inia mlangoni ndiye aliyenifurahisha, hata kama mkono mmoja una vidole saba. Mwambie kwamba bibi wa Marangu ameuliza kondakta yule anaitwa nani.

Na hela zako za kodi usiziguse kwa ajili ya rangi. Hilo silitolei maelezo.

Baba yako, pamoja na maneno yake yote ya kulala, amekwenda kwa seremala kuulizia mabenchi, kwa sababu kwenye picha moja aliona watoto wamekaa sakafuni. Yapo mawili ya zamani, mazito lakini mazima, na gari la mizigo linaondoka Himo Ijumaa. Pima upana wa mlango wa huo ukumbi unijulishe kabla ya Alhamisi jioni, maana benchi moja ni refu na dereva hataki kulirudisha.

Mimi mama yako